Ndege ya Kimataifa

Kaa karibu nikueleze, maana jambo hili huchanganya watu wengi. Masomo ya uhusiano wa kimataifa hayahitaji pasipoti. Mimi niliyasomea Kitale, katika chuo cha kibinafsi kilichokodi ghorofa juu ya duka la mbolea. Tulijifunza jinsi nchi zinavyogombana na kupatana huku harufu ya mbolea ikipanda ngazini. Kama unaanza kozi hiyo, usiogope. Inasomeka.

Kwetu ni Kabuchai, upande wa Bungoma. Nilipopata nafasi, nilimweleza mama kwa Kibukusu, na kwa Kibukusu sikuwa na neno la "kimataifa". Nikasema nitasoma habari za nchi za mbali. Yeye akasikia nitasoma katika nchi za mbali. Nilipogundua, nilimrekebisha.

"Mama, ni hapa Kitale tu."

"Kitale ni pa kuanzia," akasema. "Najua unanificha nisilie."

Alikuwa na sababu ya kulia. Kaka yake alikwenda Uarabuni kutafuta kazi, akarudi ndani ya sanduku.

Basi kila nilipokuja nyumbani wikendi, alinisindikiza hadi mwisho wa shamba la miwa na kunitemea mate kidogo kifuani. Kwetu hiyo ni baraka ya mtu wa safari ndefu. Jirani yetu, mama mmoja muuza ndizi, alikuwa akinipigia kelele kutoka barabarani.

"Wee mzungu! Umerudi rini Uraya?"

"Leo asubuhi!"

"Na hujaniretea hata koti, bana!"

Tulicheka sisi wawili. Mama hakucheka. Alisimama akiwa amebana leso yake kifuani, upande wa kushoto. Nilidhani ni baridi.

Nikiwa mwaka wa tatu, mitihani ikiendelea, dada yangu alinipigia simu nije hospitalini Bungoma. Nilimkuta kwenye benchi nje ya wodi. Daktari alikuwa amemweleza kwamba mama ana uvimbe kwenye titi, wa muda mrefu, na sasa ugonjwa umefika mapafuni.

"Alijua tangu lini?" nikamuuliza.

"Kabla uanze chuo."

"Na wewe?"

"Mimi aliniambia Krismasi, akaniapisha. Ati ukisikia, hutapanda ndege."

"Ndege gani?"

Dada alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe. "Si ile ya chuo chenu?"

Hata yeye.

Mama alikuwa macho. Nilimwinamia nikamwambia polepole, "Mama, hakuna ndege. Nimekuwa Kitale siku zote. Nalala Kitale. Nitamaliza Kitale."

Aliipima sauti yangu. Nadhani hapo ndipo aliponiamini.

"Kitale," akasema. "Si ningekuita mapema."

Tulimzika kabla matokeo ya mitihani hayajatoka. Shahada niliipata baadaye, na siku hizi ninafundisha wanaoanza. Huwaambia kwamba maneno ya kozi hii ni makubwa, lakini yanafafanulika. Wanayaelewa haraka. Lakini mzazi aliye nyumbani hana wa kumfafanulia, na mdomo peke yake hautoshi, mimi nilijaribu.

Kwa hiyo, kabla muhula wa kwanza haujaisha, mlete mzazi wako chuoni. Mpandishe ngazi, mwonyeshe kiti unachokalia darasani, kisha mpeleke akaone kitanda unacholalia.