Wimbo Nilioimba Wakati wa Sadaka

Kila Jumapili asubuhi, tukijiandaa kwenda kanisani, baba anawashaga redio, na inapiga nyimbo za Kizungu za taratibu, za gitaa. Nimekua nikijua ni za dini. Basi mimi, mwenye aibu hata ya kuitika jina darasani, nikaapa: mwaka huu lazima niimbe peke yangu kanisani. Nikakariri mmoja kwa wiki tatu. Neno nililolielewa vizuri ni "love", nikajua ni upendo wa Mungu. Jumapili nikauimba wakati wa sadaka, macho nimefumba. Akina mama wa mtaa wetu wa Kamunyonge wakatoa machozi.

Jana madam wa Kiingereza akatuonyesha filamu ya makala kuhusu soft rock, muziki uliovuma zamani, ukasahaulika, sasa umerudi. Mzee mmoja wa nywele ndefu akashika gitaa, akaanza wimbo wangu! Madam akatutafsiria: alimtungia mke wa jirani, akimsihi watoroke.

Nyangeta, mwenzangu wa kwaya, akaruka. "Madam, huo ni wa Bhoke! Aliuimba kanisani wakati wa sadaka!"

Darasa zima likanigeukia, vicheko juu.

"Bhoke, kumbe unaujua?" madam akauliza.

Nikasimama. "Beti zote tatu, madam."