Mtoto wa Swala Niliyemwokoa

Naungama mwenyewe, maana nikikawia, mke wangu Furaha atakisimulia kisa hiki kanisani kabla yangu.

Jumamosi mimi na Furaha tulitoka Shively, mtaa tunaokaa huku ugenini, na binti yetu Neema, tukaenda kutembea msituni nje ya mji. Wiki nzima nabeba maboksi depo. Siku hiyo nilitaka Neema ajue kwamba baba yake alichunga ng'ombe milimani Kivu, na wanyama anawajua.

Kando ya njia tukakuta mtoto wa swala amelala kwenye majani, peke yake, hatikisiki.

"Bon, mama yake amemuacha," nilisema. "Atakufa na njaa."

"Papa, usimuguse," Neema aliniomba.

"Wewe unajua nini juu ya wanyama?"

Nilimfunga kwenye koti langu, nikambeba hadi ofisi ya walinzi wa msitu. Moyo wake ulidunda kifuani pangu. Njiani nikamwimbia hata wimbo wa ndama.

Mlinzi alisema maneno machache ya Kiingereza kwa upole. Neema akaona haya kunitafsiria.

"Papa, anasema hakuachwa. Mama yake alimuficha pale ili aende kula. Tumurudishe mbio."

Tulimkuta swala jike anazunguka pale pale, ananusa majani. Alitukimbia hatua chache tu, akasimama kututazama. Nilimlaza mtoto wake chini, nikarudi nyuma nimeinamisha kichwa.

Furaha akanishika mkono.

"Baba Neema, hata ng'ombe zetu zilikuwa zinaficha ndama hivi hivi. Kumbe umesahau?"