Amina ya Bosi

Leo kocha wa mabosi amekosa kazi kabla projekta iwake.

Bosi wetu hapa Ruiru alimtoa Thika atufundishe, sisi mameneja, kufuta watu kazi kwa upole. Si mnajua vile uchumi umekauka.

Lakini mkutano lazima uanze na maombi. Bosi akamwambia Mama Wairimu wa chai atufungulie.

Kumbe mama alikuwa ameona orodha ya watakaofutwa kwa meza ya Bosi. Jina lake ndilo la kwanza!

“Baba, asante kwa bosi wetu. Ameahidi mbele zako hatafukuza hata mmoja wetu.”

“Amina!” Bosi ndiye aliyepaza sauti kutushinda. Mazoea tu.

Wueh. Bosi akafungua macho ghafla.

“Mama, hebu rudia hayo maombi vizuri.”

“Aii, Bosi. Hayo yashafika.”