Kumi na Mbili Iliyokuwa Ndogo Kuliko Nane

Karani hakuwa karani tena, lakini jina likishamganda mtu pale hospitalini halibanduki. Miaka ishirini na miwili alifanya kazi masjala, kwenye chumba cha nyuma chenye rafu mpaka darini na harufu ya karatasi kuukuu, akitoa na kurudisha mafaili ya wagonjwa. Mafaili yalipoingizwa kwenye kompyuta, wenzake walihamishiwa mapokezi na stoo. Yeye, na miaka yake hamsini na mmoja, akaenda kwa mkuu wa hospitali kuomba afundishwe hizo kompyuta zenyewe. Watu walicheka. Akacheka nao, kisha akaenda kujifunza.

Alikuwa na tabia moja iliyowafurahisha wote, ya kushukuru. Alimshukuru mlinzi kwa kumfungulia geti, akaushukuru mlango kwa kufunguka bila kelele, akalishukuru birika kwa kuchemka mapema. Siku skripti yake ya kwanza ilipokubali, yaani ile programu fupi ya amri ambazo kompyuta huzisoma mstari kwa mstari, aliipapasa skrini na kusema, "Asante, mwanangu." Fundi aliyemfundisha alidhani anatania. Hakuwa anatania hata kidogo.

Kazi aliyojivunia kuliko zote ilikuwa kengele ya jokofu la chanjo. Chanjo za watoto hukaa kati ya nyuzi mbili na nyuzi nane za joto. Zikizidishiwa joto zinaharibika, na ubaya wake ni kwamba hazibadiliki sura. Mtoto anachomwa, analia, anarudi nyumbani bila kinga yoyote, na mama yake anashusha pumzi akiamini mambo yamekwisha. Kwa hiyo Karani alifunga kipimajoto ndani ya jokofu, akakiunganisha na kompyuta, akaandika skripti isome joto kila saa. Joto likiwa kubwa kuliko nane, kengele ilie chumbani kwake na kwenye korido.

Aliijaribu mbele ya mkuu wa hospitali. Aliandika tano mahali pa joto, kimya. Akaandika saba, kimya. Akaandika tisa, kengele ikalia mpaka wagonjwa waliosinzia kwenye foleni wakasimama. Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyefikiria kujaribu namba nyingine, maana kengele inayoshtushwa na tisa itaachaje kushtushwa na kumi na mbili?

Mmoja tu alipiga makofi mawili matatu ya adabu, akarudi kazini kwake. Huyo alikuwa muuguzi wa chanjo, Mama Sindano. Jina hilo alipewa na watoto, ambao walianza kulia wakimwona tu anapita. Kila siku saa moja na nusu asubuhi, na tena saa tisa alasiri, Mama Sindano alisoma kipimajoto na kuandika joto kwa mkono kwenye fomu iliyobandikwa mlangoni pa jokofu.

"Sasa pumzisha kalamu, dada," Karani alimwambia. "Mashine inaandika yenyewe. Nimeshawaambia wa uchapaji wasichape tena hizo fomu."

"Sawa, mwenzangu," Mama Sindano akajibu, wala hakubishana.

Fomu zilipokwisha, alichukua karatasi iliyotumika upande mmoja, akaigeuza, akapiga mistari kwa rula na kuendelea kuandika. Karani alipoiona ile mistari ya kalamu alicheka, lakini moyoni ilimchoma kidogo. Aliona haaminiwi.

Jumatano moja, saa saba mchana, binti yake alimpigia simu.

"Mama, kesho asubuhi namleta mume wako kwenye sindano."

"Mume" mwenyewe alikuwa mjukuu wa wiki sita, asiye na jino wala nywele za maana.

"Mwambie mume wangu avae vizuri," Karani akajibu. "Hapa kazini nina heshima zangu, asije akaniaibisha."

Akakata simu akiwa bado anacheka. Saa tisa na dakika tano Mama Sindano aliingia chumbani kwake bila hodi. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuingia bila hodi.

"Kengele yako umeizima?"

"Sijaizima. Kuna nini?"

"Jokofu lina kumi na mbili."

Karani akageukia skrini. Joto la kila saa lilikuwa limepangwa pale kwa unadhifu wake wote: 6, 6, 7, na la saa tisa, 12. Lilikuwa limeruka kutoka saba hadi kumi na mbili kwa saa moja. Mashine imeona, imeandika, na imenyamaza. Akili yake ilimwendea moja kwa moja yule wa wiki sita, atakayeogeshwa na kuletwa kesho.

Walikwenda mbio. Kona ya kasha lililoletwa mchana ilikuwa imeuzuia mlango wa jokofu usifunge, ukabaki wazi upana wa kidole. Walitoa vichupa vyote na kuvihamishia kwenye makasha ya baridi, yale ambayo Mama Sindano huyaweka tayari hata siku zisizo na haja nayo. Kisha muuguzi akavaa miwani, akaanza kukagua kichupa kimoja kimoja. Kwenye lebo ya kila kichupa pana duara, na ndani ya duara pana mraba mdogo mweupe ambao huwa mweusi kadiri chanjo inavyopata joto. Mraba ukilingana na duara kwa weusi, chanjo hiyo ni ya kutupa.

Karani alisimama na trei, roho mkononi. Vichupa vilikuwa vingi, na Mama Sindano hakuwa mtu wa kuharakishwa.

"Sema basi, dada."

"Ngoja."

Akakagua cha mwisho, akakirudisha kwenye kasha, akafunga kifuniko.

"Nzima. Zote nzima. Zingelala hivi mpaka asubuhi, tungekuwa tunaongea mengine."

Karani alilia pale pale, bila kutafuta leso. Mama Sindano akamshika bega.

"Lile kasha nililisukuma mimi saa nane," akasema. "Nilikuwa na haraka, sikutazama nyuma. Usijibebeshe mzigo peke yako."

"Lakini kengele ni yangu."

"Basi twende tukaiulize."

Mlango wa jokofu ulipokwisha kufungwa sawasawa, wakaketi wawili mbele ya kompyuta. Karani akaandika tisa, kengele ikalia. Akaandika kumi, kimya. Kumi na moja, kimya. Kumi na mbili, kimya. Kwa hasira akaandika themanini, na kengele ikalia mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

"Yaani themanini inaijua, kumi na mbili haiijui?" Mama Sindano akauliza. "Hii nayo ina mambo."

Karani alikuwa anazitazama zile namba zilizonyamaziwa: 10, 11, 12. Zote zinaanza na moja. Akautazama mstari wake alioandika miezi mitatu nyuma: [[ $joto > 8 ]]. Hapo ndipo alipoelewa. Ile alama ya mdomo wazi, ndani ya mabano yale mawili, haipimi wingi. Inalinganisha maandishi, kama mtu anayepanga majina: inatazama herufi ya kwanza, na kama zinatofautiana imeshatoa hukumu, haihangaiki na zinazofuata. Kwa macho hayo, kumi na mbili ni neno linaloanza na 1, na 1 hutangulia 8, basi kumi na mbili ni ndogo; themanini ilisikika kwa kuwa inaanza na 8 na ina tarakimu ya ziada. Ukitaka ihesabu kama mtu anayehesabu, unaandika -gt. Alifuta alama moja, akaandika herufi mbili na kistari. Kumi, kengele. Kumi na moja, kengele. Kumi na mbili, kengele.

Mama Sindano alipiga makofi, safari hii kwa nguvu. Karani mikono ilibaki juu ya meza, maana kosa lile alikuwa analifahamu. Alishawahi kulifanya kwa mikono yake mwenyewe.

Ilikuwa siku yake ya kwanza masjala. Walimpa mafaili mia mbili na ushei ayapange rafuni, naye, aliyezoea kupanga majina, akayapanga namba kwa mtindo wa majina: 1, kisha 10, kisha 100, 101, mpaka amalize yote yenye moja mbele, ndipo ije 2. Aliona amefanya kazi safi kabisa. Mchana akaja muuguzi kijana kutafuta faili namba tisa, mgonjwa akiwa kitandani anasubiri. Akalitafuta baada ya nane, hamna. Walilikuta kule mwisho kabisa wa rafu. Karani alitaka ardhi immeze. Yule muuguzi hakusema neno kwa mtu. Wakati wa chakula alirudi, akavua viatu, akaketi sakafuni, wakayapanga upya wote wawili mpaka saa nane. Alikuwa huyu huyu, kabla watoto hawajampa jina.

Na Karani, wa kushukuru milango, hakumshukuru. Siku ile aibu ilimfunga mdomo, kesho yake aliona amechelewa, na mwaka ulipopita ikawa hata kulitaja jambo lenyewe ni kuifukua ile aibu. Alifungua mdomo pale mbele ya kompyuta aseme, lakini Mama Sindano alikuwa ameshainuka kwenda kurudisha chanjo zake.

Asubuhi ya pili binti alifika na mtoto. Karani alishuka mwenyewe, na kwapani alikuwa amebana bunda zima la fomu za jokofu, bado zina joto la mashine ya kuchapia. Alimpakata mjukuu wakati Mama Sindano anavuta dawa kutoka kwenye kichupa kimojawapo cha jana. Sindano ikaingia. Kitambo kidogo kikapita kimya, kisha mtoto akaachia ukelele uliosikika mpaka getini.

"Kengele hii haina hitilafu," Mama Sindano akasema.

Wote walicheka, na binti akamchukua mtoto kumbembeleza. Karani akabaki na fomu zake. Akaziweka mezani.

"Dada, nimezichapisha za miaka miwili. Na asante. Asante ya jana, na ile ya mafaili."

Mama Sindano akamgeukia na pamba mkononi.

"Ile ya masjala?"

"Ile. Niliona haya."

"Zaidi ya miaka ishirini!" Mama Sindano akasema. "Mpaka birika unalishukuru, mwenzangu. Mimi nikawa najiuliza nilikukosea nini."

Akaitupa ile pamba, akamvuta Karani, wakakumbatiana pale pale mbele ya foleni nzima ya akina mama na watoto wao.