Kijana Aliyemwamkia Bibi

Kuna asubuhi maji ya bomba hapa Maili Moja yanatoka na harufu kali ya dawa. Najua ni kule mtamboni Ruvu, wametia nyingi. Lakini nikiyamimina kwenye beseni la mwanangu, pua inanipeleka moja kwa moja kwenye bwawa la kuogelea la hoteli fulani Kigamboni, na hapo hapo hasira zinanipanda. Mume wangu ameshanizoea. Akiona ninavyomsugua mtoto ananiambia, "Mama Nasri, huyo siyo sufuria."

Nilikuwa darasa la tatu. Baba alikuwa na duka la spea za pikipiki karibu na stendi, na jioni moja akarudi nyumbani na kadi inayong'aa. Ameshinda, akasema. Siku nzima ufukweni, yeye na familia, chakula bure.

"Umecheza nini?" mama akamuuliza.

"Sijacheza kitu."

"Sasa umeshindaje?"

Baba akacheka. Mama hakucheka. Mama yangu ni mtu wa kupima sukari upya akifika nyumbani. Ile kadi aliigeuza, akainusa, akairudisha mezani. Kilichomkera zaidi ni sharti: lazima mume aje na mkewe. "Wali wa bure unanitakia nini mimi?"

Tulikwenda hata hivyo, kwa sababu baba alisema bibi, yaani mama yake mama, hajakaa hotelini tangu azaliwe. Hapo mama akaanza kutupigia pasi nguo. Kirikuu yetu, kale kagari kadogo ka mizigo, ikakata Kiluvya kushika njia ya Kisarawe mpaka Masaki, kijijini kwa bibi. Bibi alikuwa barazani na kanga mpya na furushi la mihogo ya kuchemsha, maana yeye haendi kwa watu mikono mitupu. Akabanana mbele na mama. Mimi na mdogo wangu tulikaa nyuma juu ya mkeka, vumbi jekundu likitupaka nywele, harufu tamu ya maua ya mikorosho ikitufuata mpaka tulipoingia lami. Ile mikorosho ilikuwa ya bibi. Ndiyo iliyokuwa ikitununulia sare za shule, na kila mtu alijua itakuja kuwa ya mama, mtoto wake wa pekee.

Hotelini walitupa juisi zenye vimwavuli vya karatasi. Baba na mama wakachukuliwa kwenda kwenye chumba cha vioo chenye kiyoyozi. Sisi tukabaki na bibi kando ya bwawa, naye amekaa kwenye ncha ya kiti cheupe kama anayeogopa kukichafua.

Akaja kijana mmoja, shati limenyooka. Akachuchumaa mbele ya bibi, akaipokea mikono yake yote miwili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Habari za huko mtokako?"

Nyie mnaijua salamu ya wazee wetu wa Pwani. Haiishii kwenye "nzuri". Ukiuliza habari za nyumbani, unapewa nyumbani kwenyewe. Mikorosho imechanua? Ya bondeni imechanua vizuri, mjukuu wangu, ya juu imeshikwa na ugonjwa wa ubwiri, maua meupe kama yamemwagiwa unga. Nani anakusaidia? Nipo peke yangu, mwanangu ni huyo mmoja. Hawakusumbui watu wa mipaka? Aa, karatasi za kijiji ninazo, zimo sandukuni. Bibi akampa na muhogo. Akala, akashukuru, akaingia kile chumba cha vioo kwa mlango wa nyuma. Nikajisemea moyoni, hajazaliwa kijana mwenye adabu kama huyu.

Mdogo wangu akataka choo, nikaingia kumwita mama. Dada mmoja anayenukia marashi alikuwa anaeleza: mnanunua wiki moja ya chumba, mnakuja kila mwaka, maisha yenu yote, na watoto watarithi.

"Wiki zilizobaki ni za nani?" mama akauliza.

"Za wenzenu, mama."

"Basi niitie wawili tu. Mwenye wiki ya kabla yetu na mwenye wiki ya baada yetu. Kwetu Masaki hununui shamba mpaka majirani wa mpakani wasimame waseme mpaka ni hapa."

Dada akacheka. "Mama jamani, hili siyo shamba!"

"Mipaka linayo, halina?"

Baba alikuwa anaangalia meza kwa aibu. Yule dada akashusha sauti. "Kama shida ni fedha, hamna haja ya kuuza yote. Ile mikorosho ya bondeni tu, iliyochanua vizuri, inatosha. Na karatasi si zimo sandukuni?"

Mama hakumtazama yule dada. Alimtazama baba.

"Umewaambia mpaka sanduku?"

"Wallahi sijasema kitu!"

"Kumbe ndiko kushinda kwenyewe."

Hatukununua. Ule wali tuliuacha mezani. Njia nzima bibi alikuwa anauliza kuna nini, na mama hakumjibu, siku ile wala baadaye. Asingeweza kumvunjia mumewe heshima mbele ya mkwe. Lakini alikwenda na bibi ofisi ya kijiji kimyakimya, shamba likaandikwa jina lake, mashahidi wote wa upande wa bibi. Baba hakukanyaga Masaki tena, isipokuwa siku ya msiba wa bibi, na siku hiyo alikaa kwenye mkeka wa wageni. Mimi nikakua nikijua baba yangu alitaka kutuuzia shamba.

Juzi kijana mwingine amesimama mlangoni kwangu, shati limenyooka. Mama hujambo? Mtoto mzima? Baba yake yuko kazini? Kiwanja hiki chenu au mmepanga? Nilikuwa nanyonyesha, najibu tu, mpaka lile swali la mwisho. Nikaiona mikono ya bibi ndani ya viganja vya yule wa hotelini. Niliyomwambia siyaandiki hapa.

Nikambeba mtoto mpaka kwa mama, nikamweleza yote pale pale jikoni: aliyepeleka habari za sanduku ni yule kijana wa bwawani, siyo baba. Kumbe walichukua adabu ya bibi wakaifanya ufunguo wa sanduku lake, na mlango uliofungwa miaka yote ukawa wa baba. Mama aliweka kisu chini. Halafu akamwita baba aliyekuwa uani, "Baba Zuhura, kesho twende Masaki. Korosho zinaanguka."

Nilitaka baba apige kelele, atukane, hata avunje kitu. Alisimama tu, akajifuta mikono kwenye suruali, akauliza kama njia ya shambani bado inapitia kisimani.