Amana ya Udongo

Kabla sijaliona dimbwi, nililisikia. Nilikuwa nimekaa barazani kwa mjomba, shambani kwake upande wa Kilambo, mvua ya mchana imekatika ghafla kama mtu aliyekumbuka jambo, na kutoka chini ya mikorosho ikapanda sauti ya chupa zinazozibuliwa. Moja hapa, nyingine kule, kisha nyingi kwa pamoja, kana kwamba mle ndani kuna harusi na wageni wote wamegawiwa soda kwa mara moja. Nikamwuliza mjomba kuna nani kule. Akanitazama kwa ile huruma wanayotazamwa watu waliokaa mjini sana.

"Vyura, mjomba," akasema.

Ndivyo tunavyoitana, mjomba kwa mjomba, ingawa yeye ni kaka wa mama na mimi ni mtoto wa dada yake. Nilikuwa nimekwenda kwake kuandika riwaya, kwa sababu nyumba ninayopanga Rahaleo ina kelele. Riwaya haikuandikwa. Nilivua viatu nikashuka kwenye mikorosho, naye akanifuata nyuma, mikono mgongoni.

Lilikuwa dimbwi dogo, bondeni mahali ambapo hakuna aliyewahi kupanda kitu, maji yake rangi ya chai kavu. Juu ya tawi lililoinamia maji palining'inia povu jeupe kama ute wa yai uliopigwa sana. Mjomba aliniambia nisiliguse, mle mna watoto wa vyura, wakiiva watadondoka wenyewe. Kisha akachota maji kwa kikapu cha ukindu na kukiinua, na maji yalipokwisha kuchuruzika akabaki samaki mmoja, mdogo kuliko kidole changu cha kati. Mwili wake ulikuwa wa buluu, kila gamba limetiwa wanja mwekundu, na mkia wote ulikuwa kama kaa la moto. Jike lake, alilolitoa baadaye, lilikuwa la kijivu tupu.

Tangu utotoni mjomba aliambiwa kwamba samaki hao hushuka na mvua. Ilikuwa na maana. Dimbwi lile halina mto unaoliingilia, na kila kiangazi hukauka likawa vumbi ambamo mbuzi hulala. Nilichokisoma mimi baadaye ni kwamba samaki wenyewe hufa maji yanapokwisha, lakini mayai yao hubaki ndani ya udongo, yamelala, yakingoja mvua ya mwaka mwingine. Nilipomweleza mjomba, aliyatazama maji.

"Basi udongo ndio wenye mimba," akasema.

Nilimwomba niondoke na wachache. Alifikiri kama ananipa mtu. Pengine alikuwa ananipa mtu kweli. Kwetu mtoto wa dada si mgeni kwa mjomba wake, na mimi mwenyewe niliwahi kulelewa kwake mama alipokuwa anaumwa, nikala muhogo wake, nikapigwa kwa upindo wa kanga wa mkewe, kisha nikarudishwa kwa mama nikiwa nimenenepa. Kuazimana watoto alikujua.

"Chukua," akasema. "Lakini si wako. Nimekupa ulee. Watakaozaliwa warudi hapa."

Sharti hilo lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, kwa sababu kila nilichojifunza baadaye kuhusu kufuga samaki wa porini kilikuwa ndani yake. Nilichukua wachache, dume moja na majike, na kilo kadhaa za udongo wa palepale. Fundi wa madirisha ya alumini pale Chuno alinigandishia tangi la vioo, akiniuliza mara mbili kama nina uhakika si kabati la maandazi. Maji ya bomba sikuyatia, maana yana dawa. Nilikinga ya mvua kutoka kwenye bati, na ile ya kwanza niliiacha imwagike ioshe kwanza vumbi la paa. Chakula chao kilikuwa viluwiluwi vya mbu, nilivyovivua kwa chujio la chai kwenye ndoo iliyosahauliwa uani. Mkono wenye sabuni haukuingia mle. Juu nilifunika kipande cha chandarua kikuukuu, kwa kuwa samaki wale huruka.

Mama mwenye nyumba, mwanamke wa Mikindani mwenye ulimi uliopikwa ukaiva, alikuja kuangalia kwa miwani.

"Mwanangu, mwenzako akifuga kuku, siku ya njaa anachinja. Wewe humo utachinja nini?"

Siku nyingine nilimkuta mlangoni kwa bafu ana chumvi kiganjani. Ukutani juu ya ndoo alikuwa amejibandika chura, mmoja wa wale wa povu. Bila shaka nilimleta mwenyewe kutoka dimbwini akiwa bado na mkia, kafichwa na majani ya maji. Alikuwa amekuwa mweupe kama chokaa, macho kayafumba, miguu kaikunja chini ya tumbo, mtulivu kama mtu anayesubiri zamu yake hospitali. Kwa mama mwenye nyumba, chura ndani ya nyumba ametumwa. Nilimsihi asimtie chumvi. Nililoanisha mikono, nikamchukua, nikamweka kwenye kopo lililotobolewa, na mwisho wa wiki nikapanda gari kumrudisha kwenye tawi lake. Mjomba alicheka mpaka akashika ubavu, kwamba hajapata kuona chura aliyelipiwa nauli. Lakini alipomaliza kucheka alitikisa kichwa taratibu, na nikajua nimelilipa sharti, walau kwa huyo mmoja.

Samaki hawakungoja kurudishwa. Mvua zilipokwisha, walizeeka mbele ya macho yangu. Dume lilipinda mgongo, wekundu wa mkia ukachujuka kama kanga iliyofuliwa mno, na asubuhi moja likawa limelala chini. Nililia, jambo ambalo sikumwambia mtu, ingawa nilijua kwamba huko porini nao walikuwa wanakufa majuma yaleyale. Kilichobaki kilikuwa udongo ambamo walikuwa wametaga. Nilimwaga maji, nikauacha udongo ujikaushe kivulini mpaka ukawa na unyevu wa majani ya chai yaliyokwisha chujwa, nikautia kwenye kopo la maziwa ya unga. Chumba changu hakina dari, na mchana bati linachemka. Nikaupeleka kwa mjomba, kwenye ghala lake la udongo lenye ubaridi, ili mvua ikirudi aurudishe bondeni hatua chache tu kutoka pale.

"Nakuwekea amana," nilimwambia.

Alilipokea kopo kwa mikono miwili.

Kiangazi hichohicho kijiji kilipata sakafu ya kuanikia korosho. Siwezi kusema kwamba alitokea mtu mbaya. Msimu uliotangulia mvua ya ghafla ililowanisha korosho za watu zikiwa juu ya ardhi tupu, zikaota ukungu, na kila mtu alitaka sakafu. Pakatafutwa mahali ambapo hapamnyang'anyi mtu mkorosho wake. Palikuwa mahali pamoja tu, pale bondeni ambapo hakuna aliyewahi kupanda kitu. Mjomba alikuwa mkutanoni. Alinisimulia kwenye simu, malori ya kifusi yakiwa yameshaondoka, kwamba wote walinyoosha mikono na yeye akanyoosha.

"Ningesema nini, mjomba? Ningesimama niseme kuna samaki? Palikuwa vumbi."

Nilikwenda kupaona. Sementi ilikuwa imenyooka vizuri, fundi wake hakuwa mzembe, na joto lake lilipenya mpaka kwenye soli za ndala zangu. Nilizunguka nikitafuta pale lilipokuwa tawi la povu. Nalo lilikuwa limekatwa. Nilijaribu kuyawazia mayai chini ya kifusi, yakiwa bado yamelala, yakiwa bado yanangoja, na nikaacha kuwaza.

Nililichukua kopo nikarudi nalo Rahaleo. Tangu siku ile dimbwi lilikuwa kopo, na kopo lilikuwa dimbwi zima. Mle tu ndimo walimobaki samaki wa mahali pale. Nilijua kwamba hata wakizaliwa sina pa kuwarudisha. Kuna madimbwi mengine upande wa mtoni, lakini yana samaki wa kwao, na kuwamwaga hawa huko ni kuwaletea wenyeji maradhi na kuvuruga mbegu mbili kwa pamoja. Kwa hiyo wangezaliwa kwenye kioo, wakatage kwenye bakuli, wafe, na mimi nianze tena, mwaka baada ya mwaka, mpaka nihame au nichoke au nife. Hicho ndicho kilichoitwa tumaini. Nililikumbatia.

Mvua za kwanza zilipopiga bati, mjomba alikuja mjini kuangaliwa macho hospitali. Aliteremka kwenye bodaboda kalowa mabega. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaketi, akakataa chai mpaka kwanza ajue kopo liko wapi. Nililiweka mezani. Nilikuwa nimemngoja yeye ili tulifungue pamoja.

Kabla hatujalifungua alinipa habari ambayo ni wazi alikuwa ameibeba njia nzima. Vyura wa bondeni walikuja. Mvua ya kwanza tu, walitoka walikokuwa wakakaa juu ya sakafu, kwenye kidimbwi kilichosimama kwenye pembe, wakaimba vilevile, chupa kwa chupa. Wakataga. Jua la mchana lilipotoka, maji yakakauka, na wanawake wakafagia ili waanike.

"Waliimba vizuri kabisa," akasema.

Nikamimina maji ya mvua kwenye beseni, nikaumwaga udongo ndani kidogo kidogo. Udongo ulizama. Lakini juu ya maji ukabaki utando, unga mwembamba ambao haukutaka kulowa, ukajikusanya pembezoni mwa beseni kama duara la poda. Ulikuwa wa manjano. Mimi nilidhani ni chavua. Harufu ilipanda, kama ya yai viza na kichwa cha kiberiti. Nikanyanyua uso kumwuliza mjomba, nikamkuta ameshajua.

Alichovya kidole, akakinusa, akakisugua kwa dole gumba. Kila mkulima wa korosho anaijua ile hali ya kuteleza.

"Salfa," akasema.

Akaendelea mwenyewe, taratibu, akitazama beseni. Aliona sisimizi wanapanda ghalani, wamejipanga, wanaelekea kwenye kopo. Akasema moyoni, amana ya mjomba italiwa. Ilikuwa majira ya kupulizia, mfuko ulikuwa wazi palepale, akachota konzi, akafungua kifuniko, akanyunyiza juu, akachanganya kidogo kwa kijiti ili ifike na chini.

"Ndiyo dawa inayotuokolea mikorosho," akasema. "Sikuwa na nyingine."

Ningeweza kumwambia kwamba udongo wenye unyevu ukikaa na salfa miezi yote ile hugeuka mkali kama tindikali. Nilikuwa na maneno hayo mdomoni. Nilitazama mikono yake, ambayo kwenye mistari yake hiyo manjano haijatoka miaka yote niliyomfahamu, na maneno nikayameza. Ni konzi ileile aliyowanusurisha nayo watoto wake na mimi, maana ni korosho zilizotusomesha.

Tukangoja. Alitakiwa arudi hospitali kuchukua dawa ya macho, kwa hiyo alilala kwangu, na asubuhi aliamka kabla yangu, nikamkuta ameinama juu ya beseni na tochi ya simu, yeye ambaye macho ndiyo yaliyomleta. Samaki wa aina ile, kama wapo, huonekana upesi, kama kope zilizodondoka majini zikaanza kutembea. Aliniita mara moja. Kilikuwa kipande cha jani. Nilibadilisha maji, nikaondoa utando, nikabadilisha tena. Mama mwenye nyumba alipita mlangoni, akavuta harufu, akafungua mdomo kutania, kisha akamwona mzee alivyokaa akaufunga na kuendelea na safari yake. Baadaye alituletea uji.

Siku ya kuondoka, mjomba aliomba lile kopo. Nilifikiri anataka kulitumia kwa mambo mengine, nikamwambia nitampa jipya. Akakataa. Aliuchota udongo kutoka kwenye beseni kwa mikono yake, akiukamua maji, akaurudisha wote ndani, hata ule uliobaki kwenye kucha aliukung'utia mle. Nikamwuliza anaupeleka wapi.

"Kwao," akasema. "Pembeni mwa sakafu pana ardhi kidogo haijasakafiwa."

"Mjomba, humo hakuna kitu tena."

"Najua," akasema. "Lakini tulisema watarudi."

Alilifunga kopo kwa kitambaa, akalikumbatia kifuani chini ya koti ili lisilowe, ingawa hapakuwa na sababu tena ya kulikinga. Nilimsindikiza mpaka kizingitini tu, alinikataza kutoka nje kwenye mvua. Mlango wangu huvimba majira haya, haufungiki mpaka uvutwe kwa nguvu. Nilimsikia nje akihangaika nao kwa mkono mmoja, hataki kuliweka kopo chini. Kisha akauvuta, ukafunga.