Rejista ya Mwethya

Kasyoka alikuwa karani wa kiwanda kidogo cha juisi huko Kilungu, na kwa miaka sita hakuwahi kupoteza karatasi hata moja. Faili la Girma, fundi wa mitambo kutoka Ethiopia, alilijua kwa moyo: pasipoti, mkataba, kibali cha kazi. Kwa hiyo maofisa wawili wa uhamiaji walipofika Alhamisi bila taarifa, aliwakaribisha chai.

"Faili iko sawa, mama," akasema mkubwa wao, Kyule. "Fundi mwenyewe ako wapi?"

Alikuwa mtoni. Kijiji kizima kilikuwa kwenye mwethya, ile kazi ya pamoja, wakijenga bwawa la mchanga. Alhamisi mchana mitambo huzimwa, na Kasyoka ndiye aliyemshauri Girma aende, watu wasije wakamwona mtu wa kujitenga.

Walimkuta na sururu, matope hadi magotini.

"Kibali kinasema kiwandani," Kyule akasema. "Hii kazi ni ya nani?"

"Hii si kazi, bwana, ni mwethya. Hata halipwi."

"Mwethya naijua, mama. Hata mamangu huenda. Lakini sheria haiijui."

Karani ni karani. Akibanwa hutafuta karatasi. Kasyoka akamwita Wavinya, katibu wa mwethya, alete rejista, waone kwamba ni kazi ya kujitolea. Loo, mwanamke huyu alijikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Jina la Girma lilikuwa na alama ya kuhudhuria kila Alhamisi, wiki nane mfululizo, kumshinda hata mzee wa kanisa.

Kyule akaipiga picha. "Ningeandika siku moja, nimpe onyo," akasema polepole, naye hakuonekana kufurahi. "Sasa ni miezi miwili, na imeandikwa. Ana siku saba aondoke."

Kasyoka alisihi. Alisema kosa ni lake, wamfunge yeye.

"Weka sahihi hapa, mama. Wewe ndiye shahidi."

Akaweka. Girma, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, hakuwa ameelewa hata nusu. Alisimama akimtabasamia Kasyoka, akingoja amalize mambo ya karatasi ili arudi kuchimba.